Shajara ya mradi: kuweka kikomo kwenye kumbukumbu ya kila kichakataji

Siku ya 1

Mradi huu umeanza kwa aibu ndogo. Kerneli yetu, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambayo mwenzangu nami tumekuwa tukiiandika kwa ajili ya kujifunza na ambayo tayari ina vikundi vya michakato vyenye vikomo vya kumbukumbu, leo imeangushwa na programu ya mistari isiyozidi thelathini iliyokuwa ndani ya kikundi chenye kikomo cha megabaiti 16. Programu hiyo haikutumia hila yoyote. Ilikuwa ikiiomba kerneli, ndani ya kitanzi, iiundie majedwali ya takwimu ya aina ile ambayo kila kichakataji hupata nakala yake.

Kila jedwali lina nafasi 1,024 za baiti 8, yaani kilobaiti 8 machoni pa mwombaji. Mashine pepe ya majaribio ina vichakataji 64 na gigabaiti 4 za kumbukumbu, kwa hiyo jedwali moja hula kilobaiti 512, na majedwali 8,192 yangeimaliza mashine nzima hata kama kerneli yenyewe isingehitaji chochote. Kikundi kilikuwa kikitozwa kichwa cha jedwali peke yake, ambacho ni baiti 128. Hata kama programu ingefikia majedwali yote 8,192, deni lililoandikwa lingekuwa megabaiti 1 tu, ilhali mashine imekwisha kufa zamani. Kikomo kilikuwepo na kilifanya kazi yake sawasawa; kilikuwa kikipima kitu kingine.

Siku ya 2

Kabla ya kugusa msimbo nimesoma upya kigawaji chetu, yaani sehemu ya kerneli inayogawa kumbukumbu, kwa kuwa nilikiandika miezi mingi iliyopita na nimekwisha kusahau sababu za baadhi ya maamuzi yake.

Kumbukumbu ya kila kichakataji ipo ili vichakataji visigombanie mstari mmoja wa kache, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya kichakataji. Kaunta ya pakiti zinazoingia, ikiwa ni moja kwa mfumo mzima, huufanya mstari huo urushwe huku na huku kila mara pakiti inapofika. Ikiwa kila kichakataji kina kaunta yake, kila kimoja huongeza yake bila kumngoja mwingine, na anayetaka jumla hupita kwenye zote na kuzijumlisha. Katika vichakataji vya x86 vya biti 64 Linux huweka mwanzo wa eneo la kichakataji husika kwenye rejista ya gs (nafasi ndogo ya namba ndani ya kichakataji chenyewe), kwa hiyo kuongeza kaunta ni agizo moja la mashine lisilohitaji kufuli. Sisi tumefanya vivyo hivyo.

Ili agizo hilo moja litoshe, ni lazima nakala zote za kitu kimoja zikae umbali ule ule kutoka mwanzo wa eneo la kila kichakataji. Hapo ndipo muundo mzima unapotoka. Linux, kabla ya toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, ilitenga kila nakala peke yake na kuweka safu ya vielekezi, yaani anwani, vya kuzifikia. Tejun Heo aliandika kigawaji kipya ambacho hukata anwani pepe katika vitalu, na kila kitalu kina mafungu yanayolingana, fungu moja kwa kila kichakataji. Ukipewa umbali wa baiti 400 katika fungu la kwanza, umepewa pia umbali wa baiti 400 katika mafungu mengine yote. Kigawaji chetu kinafuata mpango huo, na vipimo vyake tumeviazima huko huko: fungu lina angalau kilobaiti 32, ombi dogo kabisa ni baiti 4, na ramani ya biti, ambayo Linux iliichukua katika toleo la 4.14 la mwaka 2017 kwa kazi ya Dennis Zhou, huonyesha kipi kimetwaliwa na kipi kiko wazi.

Kwa mashine yetu ya vichakataji 64, kitalu kimoja ni megabaiti 2 za anwani pepe. Anwani hizo hazina kurasa halisi (vipande vya kumbukumbu ya kweli) nyuma yake mpaka zihitajiwe. Lakini ukurasa mmoja unapohitajiwa ndani ya fungu, unahitajiwa ndani ya mafungu yote 64 kwa pamoja, na hivyo ombi la baiti 4 linaloangukia kwenye ukurasa mtupu huamsha kurasa 64 za kilobaiti 4, ambazo ni kilobaiti 256. Nimeiandika namba hii kwa wino mwekundu, maana naona itarudi kutusumbua.

Siku ya 3

Leo hatukuandika hata mstari mmoja. Tumebishana juu ya swali moja tu: kikundi kitozwe nini hasa?

Jibu la kwanza, kutoza ukubwa ulioombwa, tulilitupa kwa dakika moja kwa sababu ndilo kosa la siku ya kwanza likiwa limevaa nguo nyingine. Mwenzangu alipendelea kutoza kurasa halisi zilizoamshwa, kwa hoja kwamba kurasa ndizo zinazokwisha na ndizo zinazoiangusha mashine. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina ubaya ambao sikuweza kuumeza: vikundi viwili vyenye programu ile ile, vikiomba kaunta ile ile, vingetozwa tofauti kabisa kutegemea nani alitangulia. Wa kwanza angebeba kilobaiti 256 kwa ajili ya baiti 4, na wa pili, anayefuata nyuma yake kwenye ukurasa ule ule, asingelipa kitu. Wa kwanza akirudisha kaunta yake huku wa pili bado ana yake, ukurasa unabaki umeamka, na deni inabidi lihamie kwa mtu ambaye hakuomba chochote wakati huo. Kikomo kinachobadilika kwa matendo ya jirani hakiwezi kuelezwa kwa mtu anayekiweka.

Tumekubaliana kutoza ukubwa ulioombwa mara idadi ya vichakataji, na juu yake gharama ya kuhifadhi jina la mwenye deni. Kuzidisha kwa idadi ya vichakataji ndivyo pia Linux ifanyavyo tangu toleo la 5.9 la mwaka 2020. Hoja ya mwenzangu haikufa. Tumeiweka kando kwa ajili ya kikomo cha pili, cha mfumo mzima.

Siku ya 4

Idadi ya vichakataji, lakini vipi? Vilivyowashwa sasa hivi, au vyote vinavyoweza kuja kuwashwa?

Kigawaji hutenga kwa ajili ya vyote vinavyowezekana, na hilo haliepukiki kirahisi. Kielekezi kikishatolewa ni lazima kiwe halali kwa kichakataji chochote kitakachowashwa baadaye. Na kichakataji kikizimwa, hesabu iliyomo kwenye nakala yake bado ni sehemu ya jumla, kwa hiyo anayejumlisha kaunta hawezi kuiruka. Tulifikiria kuamsha kurasa za fungu pale tu kichakataji chake kinapowashwa. Tuliacha, kwa sababu kuwasha kichakataji kungekuwa tendo linaloweza kushindikana katikati kwa kukosa kumbukumbu, huku vitalu vingine vimekwisha kuamshwa na vingine bado.

Ubaya wa uamuzi huu unaonekana kwenye mashine pepe. Idadi ya vichakataji vinavyowezekana husomwa kwenye majedwali ya ACPI, yaani maelezo ya maunzi ambayo mashine huupa mfumo, wakati mfumo unapowaka, na mwenye kuitengeneza mashine pepe huweza kutangaza vichakataji 128 ingawa anatoa vinne tu, ili aweze kuongeza baadaye bila kuizima. Katika mashine hiyo kaunta ya baiti 8 hugharimu kilobaiti 1 badala ya baiti 32. Kwa hiyo kiraka (badiliko la msimbo) cha kwanza cha mradi, kinyume na nilivyotarajia, hakihusu vikundi hata kidogo: ni kigezo cha kuwashia kinachomruhusu msimamizi kupunguza idadi ya vinavyowezekana, kama possible_cpus ya Linux. Ni kiraka kidogo, na kwenye mashine kama hiyo kinaokoa zaidi kuliko chochote nitakachoandika baada yake.

Siku ya 6

Msimbo wa kutoza umeanza kufanya kazi. Mpangilio wake ni huu: ombi likifika, kigawaji hutafuta kikundi cha mchakato unaoomba, hupiga hesabu ya deni zima, na kulitoza kabla hakijashika kufuli la vitalu. Kikomo kikikataa, ombi linarudi mikono mitupu bila kumchelewesha mtu mwingine. Kikomo kikikubali lakini vitalu vikakosa nafasi, deni hurejeshwa.

Swali gumu zaidi lilikuwa mahali pa kuandika jina la mwenye deni. Anayerudisha kumbukumbu huleta kielekezi tu, na mara nyingi huwa ni mchakato mwingine kabisa au hata kikatizo cha maunzi (msimbo unaoitwa ghafla na kifaa), kwa hiyo haiwezekani kumtazama mrudishaji na kudhani ndiye mkopaji. Linux huweka kando ya kila kitalu safu ya vielekezi, kimoja kwa kila baiti 4 za fungu. Fungu la kilobaiti 32 lina nafasi 8,192 za namna hiyo, na kielekezi ni baiti 8, kwa hiyo safu ni kilobaiti 64. Kwa kitalu cha megabaiti 2 hiyo ni asilimia tatu na kidogo, na hakuna wa kulalamika. Lakini safu haipungui vichakataji vinapopungua. Kwenye mashine ya vichakataji vinne kitalu chote ni kilobaiti 128, na safu ya wamiliki ingekuwa nusu yake. Kerneli yetu hutumika zaidi kwenye mashine ndogo kuliko kubwa, na sikuweza kukubali kulipa nusu ya nyumba kwa ajili ya kibao cha mlangoni.

Nimetumia namba za biti 16 badala ya vielekezi. Safu imeshuka hadi kilobaiti 16 kwa kila kitalu. Jedwali la kando hugeuza namba kuwa kikundi, na sifuri imebaki kuwa ya kerneli yenyewe, ambayo haitozwi. Bei yake ni kwamba mfumo hauwezi kuwa na wamiliki zaidi ya 65,535 kwa wakati mmoja, jambo ambalo jioni hii linaonekana ni mbali sana.

Siku ya 7

Faida ambayo sikuipangia. Kikundi kinapofutwa huku kaunta zake zingali hai, deni lake ni lazima lihamie kwa kikundi mzazi, la sivyo kikundi kilichokufa kitabaki kumbukumbuni kikingoja kaunta ya mwisho irudi, na kwenye mashine inayounda na kufuta vikundi kutwa nzima maiti hizo hujazana. Kwa kuwa safu inahifadhi namba, kuhamisha ni kuandika mara moja kwenye jedwali: namba ile ile sasa inaelekeza kwa mzazi, na hakuna haja ya kupekua vitalu. Linux ilifikia suluhisho la aina hiyo hiyo kwa kuweka kitu cha kati baina ya mgao na kikundi.

Siku ya 8

Kerneli imesimama ghafla katikati ya jaribio la mtandao. Imetuchukua siku nzima.

Chanzo chake kilikuwa kwenye njia ya kurejesha deni. Kaunta ya mwisho ya kikundi kilichofutwa ilirudishwa ndani ya kikatizo cha kadi ya mtandao. Kurudishwa huko kukaiachilia namba ya mwisho ya mmiliki. Kuachiliwa kwa namba kukaita msimbo wa kubomoa mabaki ya kikundi. Na msimbo huo unashika kufuli ambalo mwenye kulingoja hulala. Kikatizo hakiruhusiwi kulala. Kwa siku mbili hatukuliona kwa sababu kwa kawaida kaunta hurudi kabla kikundi hakijafutwa, na ubomoaji hufanywa na mchakato wa kawaida ambao unaweza kulala upendavyo.

Marekebisho ni mawili. Kurejesha deni sasa ni kutoa kwenye hesabu tu, na hufanywa baada ya kufuli la vitalu kufunguliwa. Ubomoaji wowote hupelekwa kwenye foleni ya kazi zinazofanywa baadaye na uzi wa kerneli. Kisha nikaongeza ukaguzi unaopiga kelele mapema: yeyote akiita kufuli la kulalia akiwa ndani ya njia ya kurudisha kumbukumbu, hata kama kufuli liko wazi na hangelala kweli, kerneli huandika onyo. Ukaguzi huo ulipaswa kuwepo tangu mwaka wa kwanza. Ulipowashwa ulitaja sehemu nyingine mbili, zote katika viendeshi ambavyo havihusiani na mradi huu.

Siku ya 9

Nimeanza kujenga akiba za kutoza, na leo hii hii nimezibomoa.

Wazo lilikuwa hili. Hesabu ya deni la kikundi ni namba moja inayoguswa na vichakataji vyote, kwa hiyo ni mstari ule ule wa kache unaorushwa huku na huku, na ingekuwa kejeli kwa kigawaji kilichobuniwa kuepuka jambo hilo kulirudisha kupitia mlango wa kikomo. Linux, kwa kumbukumbu za kawaida, hukiwekea kila kichakataji akiba ndogo iliyokwisha kutozwa, ili maombi mengi yahudumiwe hapo bila kugusa hesabu ya pamoja. Nikaandika vivyo hivyo, kwa akiba ya kurasa 32.

Matatizo mawili yakajitokeza kabla ya chakula cha mchana. La kwanza ni hesabu: kurasa 32 ni kilobaiti 128, na mara vichakataji 64 ni megabaiti 8. Kikundi chenye kikomo cha megabaiti 16 kinaweza kukataliwa ombi huku nusu ya kikomo chake imelala kwenye akiba zisizo na kazi. Hilo hutibika kwa kuzimwaga akiba zote kabla ya kukataa, lakini kumwaga kunahitaji kuviita vichakataji vyote, na kunatokea pale hasa mashine inapokuwa imebanwa. La pili ni la kuchekesha: akiba ya kila kichakataji ni yenyewe kumbukumbu ya kila kichakataji. Kuunda kikundi kunaomba kumbukumbu hiyo, ombi linataka kutozwa, kutoza kunataka akiba, na akiba ya kikundi hicho ndiyo kwanza inaombwa.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa asubuhi: ni nani anayeomba kumbukumbu ya aina hii mara milioni kwa sekunde? Hakuna. Kinachofanyika mara milioni ni kuongeza kaunta, na huko kikomo hakigusi kitu. Kuomba nafasi mpya ni tendo la nadra, hupitia kufuli la pamoja la vitalu hata hivyo, na huweza kuamsha mamia ya kurasa. Kuongeza namba moja ya pamoja juu ya hayo yote hakuonekani. Akiba zimefutwa, na hesabu ya deni ni namba moja inayobadilishwa kwa agizo lisilokatizika.

Mpangilio wa agizo hilo nao una maana. Ukisoma hesabu kwanza, ukailinganisha na kikomo, kisha ukaongeza, wawili wanaweza kusoma pamoja na wote wakapita. Kwa hiyo tunaongeza kwanza, tunalinganisha, na tukikuta tumevuka tunatoa tulichoongeza. Kwa muda mfupi ombi kubwa litakaloshindwa linaweza kusababisha ombi dogo la jirani likataliwe ingawa lingetosha. Nimelikubali kosa la upande huo, kwani la upande wa pili ndilo lililotuleta hapa.

Siku ya 10

Nani alipie takwimu za kikundi chenyewe? Hata bila akiba, kila kikundi kipya kina kaunta zake za kila kichakataji, na mtu mwenye ruhusa ya kuunda vikundi vidogo ndani ya kikundi chake angeweza kuviunda bila mwisho na kuimaliza mashine bila kuomba jedwali hata moja. Kikundi kipya hakiwezi kujitoza kabla hakijakuwepo, na mchakato unaokiunda huenda uko kwenye tawi jingine la mti. Tunamtoza mzazi. Linux nayo hufanya hivyo, na sioni jibu jingine lenye akili: anayeruhusiwa kuzaa ndiye alishe.

Siku ya 12

Namba ya wino mwekundu imerudi, kama nilivyoogopa.

Nimeandika jaribio la kikatili. Linajaza vitalu kwa maombi ya baiti 4, kisha linarudisha yote isipokuwa moja katika kila ukurasa. Kila baiti 4 zilizobaki zinatozwa baiti 4 mara 64, jumlisha baiti 2 za namba ya mmiliki, yaani baiti 258. Zinachoshikilia ni kilobaiti 256. Tofauti ni takriban mara elfu moja. Kikundi kiko ndani ya kikomo chake kwa raha zote, na mashine inakosa kurasa.

Kuhamisha vilivyobaki ili virundikwe pamoja haiwezekani, kwa kuwa vielekezi vimekwisha kutolewa na hatujui viko wapi. Kinachowezekana ni kuzilaza tena kurasa ambazo zimebaki tupu kabisa ndani ya kitalu ambacho bado kina watu. Linux ilianza kufanya hivyo katika toleo la 5.14 la mwaka 2021. Kabla ya hapo kitalu kilirudisha kurasa zake kilipokuwa tupu chote. Nimeiandika kazi hiyo kwetu, na inasaidia sana kwa matumizi ya kawaida, lakini jaribio langu limebuniwa makusudi kuacha kipande kimoja katika kila ukurasa, na kwa hilo haisaidii hata kidogo.

Hapa hoja ya mwenzangu ya siku ya 3 imerejea na kupewa kiti chake. Sasa kuna kikomo cha pili, kinachohesabu kurasa zilizoamshwa katika mfumo mzima. Msimamizi hukiweka kama sehemu ya kumbukumbu yote. Kikifikiwa, maombi yanayotozwa kwa vikundi hayaruhusiwi kuamsha ukurasa mpya, ingawa yanaweza kupewa nafasi kwenye kurasa zilizokwisha kuamka. Maombi ya kerneli yenyewe yana fungu lao la dharura. Vikomo hivi viwili havisemi kitu kimoja na sitaki kujifanya vinasema. Cha kikundi kinaweka mpaka kwenye kile ambacho kikundi kimeahidiwa. Cha mfumo kinaweka mpaka kwenye kile ambacho ahadi hizo zimegharimu. Mtu mkatili ndani ya kikundi kimoja bado anaweza kuwafanya majirani zake wakataliwe. Hataiangusha mashine.

Tulifikiria pia kukipa kila kikundi vitalu vyake peke yake, jambo ambalo lingemzuia mkatili asimguse jirani. Kikundi chenye kaunta moja kingehitaji kilobaiti 256 ili kuishi, na vikundi mia moja vya namna hiyo megabaiti 25. Hapana.

Siku ya 15

Siku tatu zimekwenda kwenye jambo ambalo katika mpango niliandikia nusu siku: waombaji ambao hawakuwahi kufikiri kwamba wanaweza kukataliwa.

Zamani ombi la kumbukumbu ya kila kichakataji lilishindikana tu pale mashine ilipokuwa imekwisha, na wakati huo hakuna aliyejali kama njia ya kosa ilivuja baiti mia. Sasa kushindikana ni jambo la kila siku la mchakato usio na hatia ndani ya kikundi kilichojaa. Nimeweka kigezo kinachomfanya mwombaji wa namba fulani akataliwe kwa makusudi: kwanza ombi la 1 pekee, kisha la 2 pekee, na kuendelea mpaka mfumo upite jaribio zima bila kufikia namba iliyowekwa. Ni njia ya kijinga na yenye subira, na hakuna ninayoiamini zaidi.

Ilichofichua hakikuwa kizuri. Kuunda kikundi kulivuja namba ya mmiliki pale kaunta za takwimu zilipokosekana. Kuwasha kiolesura cha mtandao kulikiacha kimesajiliwa nusu, kikionekana kwenye orodha bila kaunta, na aliyeomba takwimu zake alisoma anwani sifuri. Mfumo wa faili mmoja ulirudisha kaunta ambayo haijawahi kutolewa. Yote yamerekebishwa, na mengi kwa kupanga upya mambo ili kila kinachoweza kukataliwa kiombwe kabla ya chochote kinachoonekana kwa wengine.

Tumeamua pia kwamba kikundi kikijaa kwa upande huu, mchakato wake usiuawe. Mwombaji anapewa kosa la kukosa kumbukumbu na ajue la kufanya. Kabla ya kukataa tunajaribu kukomboa kurasa za faili za kikundi hicho hicho, kwa kuwa deni la aina zote huingia kwenye jumla moja; kumbukumbu ya kila kichakataji yenyewe haikomboleki, maana hakuna mahali pa kuipeleka wala anayeweza kuirudisha isipokuwa mwenyewe. Jumla ni moja, lakini taarifa ya kikundi ina mstari wake wa aina hii, kwa sababu msimamizi anayeona megabaiti 12 zimepotea ana haki ya kujua zilikokwenda.

Siku ya 18

Nimerudia programu ya siku ya kwanza bila kubadili hata herufi moja.

Kabla ya kuiendesha niliandika matarajio yangu hapa ili nisije nikajidanganya. Jedwali moja ni kilobaiti 512 za nakala na kilobaiti 4 za namba za mmiliki, jumla baiti 528,384. Kikomo ni baiti 16,777,216. Yanaingia majedwali 31, na la 32 linakataliwa.

Yaliingia 30. Kwa saa nzima nilikagua hesabu ya kutoza nikitafuta deni lililotozwa mara mbili, kumbe halikuwepo. Majedwali 31 huacha kilobaiti 388 tu, na ndani ya kikundi hicho hicho kuna programu yenyewe, pamoja na rafu yake, maktaba yake na kurasa za faili lake, ambazo zote ziko kwenye jumla ile ile na zinazidi kiasi hicho. Nilipotazama mstari wa taarifa, kumbukumbu ya kila kichakataji ilikuwa baiti 15,851,520, ambazo ni 528,384 mara 30 bila baiti moja kuzidi wala kupungua. Programu iliandika ujumbe wa kosa, ikatoka, na mstari ukarudi sifuri.

Viraka vimeingia kwenye tawi kuu jioni hii, vyote kumi na viwili, kile cha kigezo cha kuwashia kikiwa cha kwanza.

Kimebaki kimoja ambacho sikukiingiza. Zile namba 65,535 za wamiliki, ambazo siku ya 6 zilionekana ni mbali, zinaweza kumalizwa na mtu mmoja: aunde kikundi, aache kaunta moja ya baiti 4 hai ndani yake, akifute, arudie. Kila mzunguko unashikilia namba moja kwa deni la baiti 258, na mizunguko yote ingegharimu takriban megabaiti 16 za deni kwa mzazi. Mwenzangu anataka namba za biti 32, ambazo zitarudisha safu kwenye kilobaiti 32. Mimi nataka namba zenyewe ziwe kitu kinachowekewa kikomo kwa kila mzazi. Tutaamua kesho, tukiwa na jaribio la kila pendekezo mkononi.